Anti, Nyumba Niiuze Mwenyewe au Nimpe Dalali?

Mwezi huu barua za nyumba zimenifurika, sijui ni shule zimefungua watu wanatafuta ada au ni nini, ila nyingi zinauliza kitu kilekile kwa mitindo tofauti. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, mnivumilie, maana hili jambo nina historia nalo.

Anti shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, nakaa Kinyerezi. Nyumba yetu ni vyumba vitatu kimoja masta, sebule, daining, jiko, stoo, ina fensi na geti, kiwanja skwea mita 600 na hati ipo kwa jina langu. Mke wangu kapata uhamisho wa kazi Morogoro na biashara yangu naweza kuhama nayo, so tumeamua tuuze tukajenge kule. Nikabandika bango getini INAUZWA na namba yangu, wiki ya kwanza nikapigiwa simu 23 nilizihesabu, 19 ni za madalali watupu. Mmoja kaja mpaka nyumbani, mtu mzima kavaa vizuri, akaniambia "bosi we niambie unataka ngapi mkononi, kinachozidi ni changu, hutoi hata mia mfukoni mwako". Mimi nataka milioni 95. Alafu akaomba nimpe hati akamuonyeshe mteja wake yuko Mbezi Beach. Mke wangu kagoma, anasema tuuze wenyewe dalali ni hasara tu. Mimi naona yule mzee ananipunguzia kazi. Nani yuko sahihi?
*Baba Wawili, Kinyerezi*

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, hati iko wapi saa hii? Kama ulimpa, acha kusoma hapa, mpigie simu, mfuate alipo, ichukue, ukishaifungia kabatini urudi tuendelee.

Umerudi? Haya.

Hiyo sentensi ya "unataka ngapi mkononi" nataka uijue vizuri maana ndo sentensi ghali kuliko zote katika biashara ya nyumba hapa Dar. Inaitwa cha juu. Inasikika tamu kwa sababu we hutoi kamisheni, unapata 95 yako kamili, dalali anahangaika mwenyewe huko. Sasa fikiria upande wa pili. Yule mzee akitoka getini kwako nyumba sio ya 95 tena, ni ya 105. Anampigia mwenzake wa Tabata, na yeye anaweka chake, imekuwa 112. Huyo wa Tabata ana kijana wake anaposti kwenye status za WhatsApp, na kijana naye anakula, mpaka inamfikia mtu mwenye hela ni 120 maongezi yapo. Kuna mtu anatafuta nyumba Kinyerezi saa hii ana milioni 98 keshi benki, angekuja kwako mngemalizana kwa chai ya mkate, ila hatakaa akujue maana ameambiwa 120 akasema mh, hii sio saizi yangu. Na anayeumia ni wewe sio dalali, yeye ana nyumba nyingine kumi anazizungusha.

Na nyumba inachuja mwanangu. Ikishazunguka kwenye magrupu miezi mitano kwa bei tatu tofauti watu wanaanza kuulizana ina nini hiyo, mbona haitoki, itakuwa ina kesi.

Mimi yamenikuta. 2016 tulikuwa tunauza nyumba ya mama Tabata, tunataka 55. Tukampa dalali mmoja kwa mtindo huohuo wa mkononi. Akaleta mteja, baba mmoja mpole wa Kilimanjaro, akaipenda, tukakutana ofisini kwa wakili siku ya kusaini. Wakili anasoma mkataba anafika kwenye bei anasema milioni hamsini na tano, yule baba akainua kichwa. Akafungua begi akatoa bahasha mbili za kaki, moja nene moja nyembamba, akaziweka mezani akaniangalia akauliza taratibu kabisa, "mama, hii milioni tisa nyingine ni ya nani?" Mimi nikamwangalia dalali, dalali anaangalia feni. Aisee sijawahi kuona aibu kama ile. Tulikuwa hatujaiba kitu lakini tukaonekana genge moja. Yule baba akarudisha bahasha zake zote mbili kwenye begi, akatuaga vizuri tu na hakurudi. Ilituchukua miezi saba mingine na tukauza kwa 51.

So kwenye cha juu mkeo yuko sahihi mia kwa mia.

Kwenye kuuza wenyewe bila dalali kabisa, hapo namkatalia kidogo. Wahenga walisema kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, ila hawakuwahi kuuza nyumba Kinyerezi wakati wa masika. Kuuza mwenyewe maana yake kila Jumamosi na Jumapili uko nyumbani unasubiri watu, nusu yao hawatokei, wengine wamekuja kushangaa tu jinsi wenzao walivyopiga jipsamu, na kila anayekuja unamwingiza mpaka chumba unacholala na mkeo, mtu humjui hata jina la pili. Siku za kuonyesha nyumba asibaki mtu mmoja peke yake, hasa mkeo na watoto, na mtu yeyote asiingie kabla hujampigia simu ukaongea naye ukajua anafanya kazi gani na anakuja na nani.

Alafu kuna hili ambalo watu hawalisemi, mwenye nyumba ni muuzaji mbovu sana wa nyumba yake. Mteja atasema hii rangi hapana, jiko dogo, hili karo limekaa vibaya, na wewe utachukia, maana lile karo ulisimama mwenyewe juani fundi akichimba. Utaanza kubishana. Au atakupigisha stori ya watoto wake utamwonea huruma utashuka milioni sita hapohapo kwenye kochi. Dalali mzoefu haumii na wala haoni huruma, anacheka tu anasema "mzee rangi ni ndoo mbili, ongelea bei". Huo mdomo una thamani yake. Na wale watu wana masikio, wanajua nani kalipwa mafao na nani kauza shamba Chanika anatafuta pa kuweka hela.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, dalali mpe miguu na mdomo. Bei ibaki kwako, karatasi zibaki kwako, na hela isipite mkononi kwake hata shilingi.

Namna ya kufanya. Kwanza bei. Hiyo 95 uliitoa wapi? Kama ulipiga hesabu ya ulichotumia kujenga ukaongeza kidogo, mnunuzi hilo halimhusu. Jifanye mnunuzi. Piga simu kwenye matangazo ya nyumba za Kinyerezi, Segerea na Kifuru zinazofanana na yako, nenda ukazione tatu nne, uliza mwisho ngapi, sio bei ya tangazo maana ile ni ya kuanzia tu kila mtu anajua. Uliza majirani ile nyumba ya kona iliyouzwa juzi ilitoka kwa ngapi. Ukishapata picha utajua kama 95 ni ndoto au unajipunja. Mthamini aliyesajiliwa naye utamhitaji baadaye kwenye uhamisho, ila ripoti yake isikutie wazimu, thamani ya kwenye karatasi na hela iliyopo mfukoni mwa mtu ni vitu viwili. Ukiamua 95 ndo mwisho wako, tangaza 105 maongezi yapo, na hiyo namba 95 ajue mkeo tu.

Alafu madalali waite hata watatu, usimpe mmoja peke yake. Waambie bei ya mtaani ni 105, asiyetangaza hiyo simo naye, na kamisheni nalipa mimi kwa asilimia siku hela ikiingia akaunti. Wengi wataanza na 10, kaza, 5 ni ya kawaida na unaipata. Hata ukiuza 95, asilimia 5 ni 4,750,000, sio hela ndogo, mtu mzima anaamka asubuhi kwa hela hiyo. Asilimia 10 ni 9,500,000, hapo umejenga nusu ya msingi Morogoro. Andikeni karatasi moja tu, majina, namba za NIDA, bei ya kutangaza, asilimia, inalipwa lini, msaini na shahidi. Atakayekataa kuandika mshukuru kwa muda wake.

Na uwe na daftari. Sicheki, daftari la mia tano. Kila mteja anayekuja andika tarehe, jina, na nani kamleta. Vita kubwa ya madalali haiko kwenye bei, iko kwenye nani alimleta mteja wa kwanza, na watakuja wawili getini kwako kila mmoja anadai kamisheni yake kamili kwa mtu yuleyule. Ukifungua daftari, tarehe 14 kaja na fulani, kesi imeisha. Na bango lako usilitoe, akija mteja kwa bango hakuna kamisheni ya mtu hapo, hilo nalo liandikwe.

Tangazo lako piga picha mchana, jua likiwepo, nguo toa kwenye kamba. Na piga picha ya barabara. Sijui kwa nini watu wanapiga picha kumi za sebule na tivii na hawapigi barabara, wakati swali la kwanza la mteja wa Dar ni gari inafika mpaka mlangoni? Mvua ikinyesha je? Kama inafika useme kwa herufi kubwa, na kama haifiki useme pia maana atakuja kuona.

Hati sasa. Orijino haitoki nyumbani isipokuwa iko mkononi mwako wewe. Dalali akitaka cha kuonyesha mpe fotokopi, na namba ya kiwanja na kitalu uizibe. Mteja akishakuwa siriazi, kaja mara ya pili na mkewe, kagonga kuta, kauliza LUKU inakula ngapi, huyo mpe namba zote akafanye sachi kwa Msajili wa Hati aone kama hati ni yako kweli na haina mkopo wala zuio la mahakama. Usichukie akitaka kufanya, muuzaji anayekataza sachi ndo wa kukimbiwa.

Kabla hujatangaza kalipe kodi ya pango la ardhi yote unayodaiwa, uchukue kontro namba ulipe uweke risiti, maana uhamisho hautapita na deni, na deni likigundulika katikati ya dili mnunuzi anashusha bei kwa kisingizio hicho. Hii usichanganye na kodi ya majengo, ile tunakatwa kwenye LUKU tangu 2021, kuna watu wananibishia wanasema "mi nalipa kila mwezi kwenye umeme". Hapana, hizo ni kodi mbili tofauti.

Mkeo. Hati ina jina lako peke yako lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu uuze nyumba ya familia bila ridhaa yake, hata kama hajachangia tofali. So na yeye atasaini, na wakili mzuri atamtaka afike mwenyewe sio umletee karatasi iliyosainiwa. Nashukuru kwenu mnabishana dalali tu na sio kuuza au kutouza, barua ninazopata nyingine ungelia.

Kodi ya TRA ndo watu wanaisahau mpaka siku ya mwisho. Ukiuza kwa faida, mkazi wa Tanzania analipa asilimia 10 ya ile faida. Mfano kiwanja na ujenzi vilikugharimu 51, umeuza 95, faida ni 44, kodi 4,400,000. Ndo maana nawaambia watu risiti za saruji na nondo zisitupwe. Nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu au zaidi ina msamaha kama faida haizidi milioni 15, kwenye mfano huu inazidi. Sheria ya fedha hubadilika kila Julai kwa hiyo pita ofisi ya TRA ya wilaya yako wakupigie hesabu KABLA hujakubaliana bei, sio baada. Ushuru wa stempu huwa ni wa mnunuzi, lakini andikeni kwenye mkataba nani analipa kipi, hapa mjini kila kitu ni maelewano na maelewano ya mdomo yanasahaulika haraka.

Wakili umtafute wewe, sio wa dalali. Jina lake mtafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama yupo na leseni yake ni hai, mihuri ya kuchonga imejaa Kariakoo. Yeye ndo atawajazia zile fomu za ardhi, namba 29, 30 na 35, na kuzipeleka kwa Kamishna wa Ardhi. Mwenyekiti wa mtaa mshirikishe, anawajua, atathibitisha kwamba ni nyumba yako kweli, ila akikwambia kuna asilimia 10 ya serikali ya mtaa muombe akuonyeshe imeandikwa kwenye sheria gani. Mwulize kwa heshima tu na soda mkononi.

Hela ipite benki. Yote. Kama analipa kwa awamu basi mkataba useme tarehe na nini kinatokea asipolipa, na hati asipewe wala asihamie mpaka awamu ya mwisho iingie. Nilishaona mtu kauza kwa awamu tatu, mnunuzi kalipa moja kahamia kabisa kaweka na mapazia, kumtoa ilikuwa miaka.

Mkeo msalimie. Mwambie anti kasema ana hoja, ila yule mzee aliyevaa vizuri mwite tena, mpe masharti haya, na ukiona anasita kwenye karatasi ndo umemjua.

Anti habari. Baba yetu alifariki mwaka juzi, ameacha nyumba Temeke, tuko sita. Juzi jirani kanitumia picha ya tangazo kumbe kaka mkubwa ameshampa dalali nyumba inauzwa na sisi hatujui. Dalali nimempigia anasema yeye kapewa kazi tu hayo mengine tumalizane wenyewe. Tufanyeje?
*Wa Tatu Kuzaliwa*

Poleni sana na msiba. Swali ni moja, kuna msimamizi wa mirathi? Namaanisha mtu aliyeteuliwa na mahakama ana fomu namba 4 mkononi, sio mtu aliyetajwa kwenye kikao cha ukoo. Muhtasari wa kikao ni wa kupeleka mahakamani, wenyewe haumpi mtu nguvu ya kuuza hata kabati.

Kama hayupo, kaka yako hana anachouza. Andika meseji moja ya heshima kwa dalali umwambie nyumba ni ya marehemu, mirathi haijafunguliwa, utunze hiyo meseji. Nenda serikali ya mtaa mtoe taarifa ili mwenyekiti asije kugonga muhuri kwa bahati mbaya. Kama kuna hati, nenda kwa Msajili uulize utaratibu wa kuweka zuio. Na usidharau ile dawa ya kizamani, chukua rangi nyekundu andika ukutani NYUMBA HII HAIUZWI, kubwa, upande wa barabarani. Watu wanacheka zile nyumba lakini mnunuzi gani ataleta hela yake hapo?

Alafu mkafungue mirathi, nyie sita, na kaka akiwepo. Kama yeye ndo mkubwa na mnamwamini awe yeye msimamizi, sina neno, ila akishateuliwa anawajibika kwa mahakama na anatakiwa kurudisha hesabu ya alichokusanya na alivyogawa. Kama tayari ni msimamizi na anauza kimyakimya, nendeni mahakama ileile iliyomteua mkapinge, mapema, kabla mnunuzi hajaingiza godoro.

Dalali muacheni, huyo kweli kapewa kazi tu.

Anti u hali gani, mimi ni wa Mombasa, Majengo. Nina nyumba niliyorithi kwa mama, nyumba bila ardhi, mwenye ardhi tunamlipa kila mwezi. Nataka kuiuza nihamie Mtwapa. Broka mmoja ananiambia atainadi pamoja na shamba, yaani ile ardhi, bei itakuwa nzuri zaidi. Nimkubalie?
*Bin Majengo*

Nzuri, wasaalam. Usimkubalie hata kidogo na ukimbie mbio.

Kwa wasomaji wa bara, Mombasa kuna jambo hili ambalo kwingine halipo sana, mtu anamiliki kuta na paa, ardhi chini ni ya mtu mwingine, na analipa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba zile zinauzwa na kununuliwa miaka nenda rudi. Lakini unachouza ni nyumba tu. Huyo broka akimwambia mteja ni pamoja na ardhi, ameuza mali ya mtu, na jina kwenye karatasi ni lako, sio lake.

Mwendee mwenye ardhi au wakili wake kwanza, mjulishe unauza, hakikisha hudaiwi kodi, umpate kwa maandishi kwamba atamkubali mnunuzi mpya kwa kodi ile au mpya watakayoelewana. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuuzia nyumba, sio rangi. Bei yake itakuwa chini ya nyumba yenye ardhi yake, hilo ulijue usife moyo, mnunuzi anajua siku mwenye ardhi akiuza atakuwa na mazungumzo mapya.

Na mwenye ardhi mwenyewe muulize kama anataka kununua. Au kama angekuuzia ardhi wewe. Watu wanasahau kuuliza, na hapo hakuna kamisheni ya mtu.

Ukitaka mtu wa kukuuzia, Kenya mko mbele yetu kidogo, mna sheria ya mawakala wa nyumba na bodi inayowasajili, anayefanya kazi hiyo bila kusajiliwa anavunja sheria. Muulize broka wako namba yake ya usajili. Akianza kusema "mimi watu wananijua", basi na wewe umeshamjua.

Anti, natafuta nyumba ya kununua Goba, dalali anataka 20,000 kila akinipeleka kuona nyumba, nimeshaona nne sijapenda hata moja. Ni halali hii?
*Mwenye Hela Kidogo*

Halali ya nini sasa, mmekubaliana ukatoa. Ila 80,000 imeshakwenda, na dalali anayelipwa kwa kuonyesha ana haraka gani ya wewe kununua? Mwambie nauli ya bodaboda yako na yake unatoa, hela nyingine ataikuta kwenye kamisheni siku ya kusaini. Na kabla hujapanda bodaboda akutumie picha ya barabara.